Kilio Chenye Kasoro

Tusekile hakuwa na sauti. Hilo tuliseme mapema, asije mtu akadhani hii ni hadithi ya binti aliyezaliwa na zeze kooni. Sauti yake ilikwaruza kama jembe linalopita kwenye changarawe. Alipokuwa mwanafunzi wa shule ya misheni, mwalimu wa nyimbo alimpanga mstari wa nyuma kabisa na kumwambia awe anafungua mdomo tu, asitoe kitu. Lakini katika vilima vyote vya Ileje, kutoka migomba ya juu mpaka kingo za mto Songwe, ambako ng'ambo yake ni Nyasaland, hapakuwa na msiba ambao watu hawakuuliza kwanza, "Tusekile ameshafika?" Na watu hao walikuwa na masikio. Sauti nzuri na sauti mbaya walizijua vizuri sana.

Kilio kwao kilikuwa na utaratibu wake. Mwombolezaji huingia kwanza nyumbani kwa marehemu na kushika vitu vyake, kigoda, kibuyu, kapu la mbegu, asiseme neno. Kisha hutoka na jembe la marehemu mwenyewe, limetolewa mpini na kufungwa kamba, akaligonga kwa jiwe. Juu ya mlio huo huimba maisha ya mtu, na wanawake humwitikia. Sharti lilikuwa moja, na lilikuwa gumu: lazima itajwe kasoro moja ya marehemu, tena iwe ya kweli, tena iwe ile ambayo kila mtu pale anaijua na hakuna anayetaka kuisema.

Sharti hilo Tusekile alilijifunza kwa aibu. Baba yake alipofariki, yeye bado binti, alipewa jembe kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa. Akaimba asali tupu. Baba mpole, baba mkarimu, baba nguzo ya nyumba. Watu waliitikia kwa adabu, wengine wakaanza kuangalia jua limefika wapi. Shangazi yake Lusubilo, dada wa marehemu, akasogea na kuufunika ule uso wa jembe kwa kiganja. Mlio ukafa.

"Huyo si kaka yangu," alisema. "Unamlilia nani, mwanangu?"

Tusekile akasimama pale na jiwe lake mkononi, masikio yakimwaka moto. Hasira ndiyo iliyomfungua mdomo, wala si hekima. Akagonga jembe kwa nguvu na kuimba kwamba baba aliogopa maji. Kwamba mwanamume huyo, aliyepanda miti mirefu kufuata mizinga ya nyuki bila kamba, alikuwa akitetemeka mbele ya mto unaovukwa na mbuzi. Kwamba siku dada yake wa pekee alipoolewa ng'ambo ya Songwe, yeye alisimama upande huu na ngoma akaisikia kwa mbali, na zawadi akaipeleka kwa mkono wa mtu mwingine.

Lusubilo alianguka chini kama gogo. Miaka yote hiyo alikuwa amelimeza jambo lile. Alilia akimwita kaka yake mwoga, mwoga wangu, mwoga wangu mzuri, na uwanja mzima ukalia naye, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa amemwona marehemu amesimama ukingoni na zawadi yake mkononi. Baadaye, walipokuwa wakinawa, shangazi alimwambia, "Sifa zinamfaa mtu yeyote. Kasoro ni ya mtu mmoja tu. Ukikosa kuitaja umezika mgeni."

Basi Tusekile akawa mwombolezaji. Aliolewa na Ambilikile, kijana mcheshi aliyekwenda kuchimba dhahabu Lupa kama wenzake na kurudi na kifua kibovu. Alipofariki, Tusekile alimlilia mwenyewe, akataja jinsi alivyokuwa mvivu wa kuamka, jinsi jogoo walivyomkatia tamaa. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na ndivyo Ambilikile alivyotaka, maana hakupenda nyuso ndefu.

Ambilikile alikuwa na mdogo wake, Enoka. Huyu alisoma, akafundishwa muziki wa sauti nne huko misheni, akarudi na suti ya kaki na fimbo nyembamba ya kuongozea waimbaji. Tusimwonee: alikuwa mtu mwema, mwenye bidii, na kwaya aliyoiunda ilikuwa nzuri kweli. Alimpata binti mmoja aitwaye Aida, mwenye sauti ambayo ukiisikia unaacha kutafuna. Haukupita muda mrefu Enoka akawa mzee wa kanisa, na Jumapili moja akatangaza mbele ya usharika kwamba kuanzia siku hiyo Wakristo watazikwa kwa nyimbo za Mungu. Mambo ya kugonga majembe na kuwasema marehemu yakome. Atakayekaidi atatengwa na meza ya Bwana.

Tusekile alitii. Aliipenda meza ya Bwana, tena aliipenda kwa dhati, na hakuona sababu ya kugombana na shemeji yake kwa ajili ya jiwe na jembe. Akahudhuria misiba akiwa amekaa kimya kama wengine. Lakini jambo moja likaanza kumkera, likamkera kama punje ya mchanga kwenye ugali. Watu walikuwa wakitoka makaburini wakimsifu Aida.

"Umesikia alivyopandisha ile ya mwisho?"

"Mwe! Yule mtoto ana koo la dhahabu."

Aliyezikwa walikuwa wamekwisha kumsahau kabla ya kufika njia panda. Wajane ndio waliokuja kwa Tusekile baadaye, mmoja mmoja, wakijifanya wanaomba moto au chumvi, wakakaa jikoni wakimtazama. Aliwakaribisha, akawapa viazi, na jembe hakuligusa.

Sasa, mama mkwe wake. Jina lake la ubatizo lilikuwa Anastazia, na ukitaka kujua alivyokuwa, muulize mtu yeyote aliyeishi mwaka wa nzige. Nzige walipokula kila kilichokuwa kijani, Anastazia alikuwa na ghala la ulezi na mahindi. Akalifunga. Akaketi mlangoni na mchi wa kinu magotini, na hakumpa mtu. Ndugu walikuja, akawafukuza. Wajukuu zake mwenyewe, watoto wa Tusekile, walikula mizizi ya migomba wakati bibi yao amekalia chakula. Tusekile alimchukia kwa chuki ya kweli, ile isiyoona haya. Kisha mvua zikarudi, na katika bonde zima hakuna aliyekuwa na mbegu. Ndipo Anastazia alipofungua mlango na kugawa, kila nyumba na haki yake, bila kubagua hata wale waliomtukana. Hakuna aliyemshukuru. Unamshukuruje mtu uliyemwombea kifo? Jambo likafunikwa, na likabaki hivyo.

Alipokuwa mgonjwa wa kufa, Anastazia alimwita Tusekile aje wamenye maharage. Mikono yake ilikuwa imekwisha nguvu, lakini hakutaka kukaa bure.

"Najua utasema la ghala," alisema, bila kumtazama.

"Mama, nimekatazwa kusema lolote. Mwanao amekataza."

"Enoka hakuwapo. Alikuwa shuleni anakula wali wa wazungu." Akamenya ganda, akalitupa. "Wewe ulikuwapo. Ulinitemea mate mlangoni, unadhani sikuona? Sema la ghala, nimekwambia. Ila ukisema, sema na mbegu. Usinikate nusu."

Tusekile aliacha kumenya. Alimwangalia yule mwanamke mkali, aliyekauka mpaka mifupa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akampenda. Akaogopa pia, maana alijua maana ya ombi lile.

Siku ya mazishi watu walifurika. Enoka alikuwa amemwandalia mama yake mambo makubwa: kwaya kwa mavazi meupe, nyimbo zilizofanyiwa mazoezi, sifa zilizoandikwa vizuri. Mama wa imani. Mama wa upendo. Mama aliyewalisha wenye njaa. Hapo watu walitazama miguu yao. Aida akaimba peke yake, akapanda juu, na nyuma ya Tusekile mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Leo amejipita mwenyewe." Enoka mwenyewe alisimama jicho kavu, akihesabu mapigo kwa ile fimbo.

Tusekile akageuka akaingia nyumbani. Akakishika kile kigoda. Akaushika ule mchi, uliokuwa umelainika kwa viganja. Alipotoka alikuwa na jembe la Anastazia kwenye kamba, na jiwe.

"Shemeji," Enoka alisema kwa sauti ya chini, "rudi ndani. Nakuomba."

"Nisamehe, shemeji. Nimetumwa."

Akagonga.

Aliimba kwa ile sauti yake mbovu. Aliimba mlango uliofungwa na mchi magotini. Watu waliinua vichwa kwa hofu, kama mtu aliyeitwa jina lake na polisi. Aliimba watoto wake na mizizi ya migomba, na mate aliyoyatema, na jinsi bonde zima lilivyomwombea bibi huyu afe. Sauti ilikatika, akagonga jembe mpaka ikarudi. "Ulitunyima, mama," aliimba, "nasi tukakuchukia. Mvua zikaja, tukapanda uchoyo wako. Tumeula uchoyo wako mpaka leo. Watoto hawa wamenenepa kwa uchoyo wako."

Hakuna aliyeitikia kwa muda. Kisha mzee mmoja, aliyewahi kufukuzwa mlangoni pale, akapaza sauti: "Uchoyo wako, mama!" Wanawake wakapokea, na kilio kikalipuka. Watu walimlilia Anastazia kama aliyekufa dakika ile ile. Waliomba radhi kaburini. Kwaya nayo ilivunjika, mavazi meupe yakakaa mavumbini, na Aida alikuwa akilia kwa sauti mbaya kabisa, ya puani, kama mtoto. Aliyebaki amesimama ni Enoka peke yake. Akaikunja ile fimbo mpaka ikavunjika, akaondoka.

Wazee wa kanisa walikuja kwa Tusekile wakiongozwa na Enoka. Alikataa kigoda alichopewa.

"Mama yangu nilitaka asemwe vizuri siku moja tu," alisema. "Siku moja, shemeji. Maisha yake yote wamemwita mchoyo. Wewe ukamwita mchoyo mbele ya kaburi."

Hilo lilimchoma Tusekile, na si kidogo. Kwaya na sheria zake aliweza kuzicheka, lakini huyu aliyesimama mbele yake alikuwa mtoto wa mtu.

"Uliandika kwamba aliwalisha wenye njaa," alijibu taratibu. "Waliokuwapo wote walijua si kweli. Umemvisha mama yako nguo ya mtu mwingine, shemeji, halafu unashangaa hakuna aliyemtambua. Nguo nzuri, sikatai."

"Wimbo unatakiwa umwinue mtu juu!"

"Umwinue yupi? Kama hayumo ndani yake, unainua nini?"

Mzee mwingine, Sadoki, mtu wa maneno ya hekima, akaingilia. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, mama."

"Sisi hatuna Idi huku, Mzee Sadoki. Basi nitangoja sana."

Uamuzi ulikuwa rahisi. Tusekile ametengwa mpaka atakaposimama mbele ya usharika na kukiri kwamba kilio kile kilikuwa dhambi. Asipokiri, hatashiriki meza ya Bwana, na akifa hatazikwa katika makaburi ya kanisa alikolala mumewe, wala kengele haitapigwa. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti.

Hakukiri. Jumapili iliyofuata alifika kanisani kama kawaida, akaketi nje, chini ya dirisha. Kwaya ilipoanza, naye akaanza, kwa ile changarawe yake, maneno yote anayajua, hakuacha ubeti. Walimtuma mtu akamwambie anyamaze. Akauliza kama Mungu naye amewekewa mipaka ya dirisha. Wakafunga dirisha. Akaimba zaidi. Mwisho walizoea, na wengine wakakiri kwamba Tusekile asipokuwapo ibada inapungukiwa chumvi. Lakini mkate ulipokuwa ukipitishwa mle ndani, alinyamaza na kuinamisha kichwa, na wakati huo hakuwa na mzaha. Ilimuuma kila mara. Hakuzoea.

Na misiba? Watu hawakukoma kumwita. Wengine walimaliza kwanza nyimbo za kanisa kwa heshima zote, wazee wakaondoka, ndipo jembe likatoka. Aida, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa na ana watoto, alimfuata siku moja shambani.

"Mama, nifundishe. Mimi watu wananisikiliza, lakini hakuna ninachowafanyia."

"Koo lako ndilo linalokusumbua," Tusekile alimwambia huku akipalilia. "Ukifika mahali panapouma unapapamba. Siku hiyo uliyolia kwa Anastazia, kamasi zikikutoka, hiyo ndiyo sauti. Anzia hapo."

Aida alikasirika, akaondoka, akarudi. Tusekile alimpokea kama aliyekuwa amekwenda kuteka maji tu.

Miaka ikapita. Vijana wakawa wanakwenda migodi ya Rhodesia kwa kupitia Tunduma, wakarudi na gramafoni na nyimbo ndani ya sahani nyeusi. Tusekile aliugua mguu, kisha moyo, kisha akalala kitandani. Ndipo Enoka alipokuja, peke yake, naye sasa ni mzee mwenye mvi. Safari hii kigoda alikikubali.

"Shemeji, nimezungumza na wenzangu. Huna haja ya kusimama mbele ya watu. Niambie mimi hapa, neno moja tu, nimekosa. Nitakupigia kengele mwenyewe. Utalala karibu na kaka yangu."

Tusekile aligeuza uso ukutani, maana alitamani. Kulala karibu na Ambilikile alikutamani sana.

"Nimekosa," alisema.

Enoka akafumba macho kwa shukrani.

"Nilimchukia mama yako, nimekosa. Nilimsengenya mke wako, nimekosa. Ule mwaka kuku wako jogoo alipopotea, hakuliwa na kicheche, nilimla mimi, nimekosa sana na alikuwa mgumu. Nimekuwa na mdomo mchafu na moyo wa kujiona. Yote hayo nimekosa, nipelekee mbele za Mungu." Akavuta pumzi. "Kile kilio, hapana."

"Shemeji!"

"Kile kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya kwa mikono yangu na koo langu. Nikikiita dhambi leo, nimekuwa mwongo mlangoni kwa Mungu. Atanishangaa."

Enoka alibembeleza, akakemea, akasali, akabembeleza tena. Alitoka akiwa amekasirika hata salamu ya kuaga hakuitoa.

Tusekile alizikwa pembeni ya migomba yake, nje ya makaburi ya kanisa. Kengele haikupigwa. Lakini njia zote za vilimani zilijaa watu, na wengine walivuka Songwe kutoka ng'ambo. Aida aliingia nyumbani, akashika kigoda na kibuyu na kapu, akatoka na jembe la Tusekile, lililolika mpaka likabaki kama kiganja cha mtoto. Enoka alisimama mbali kidogo, karibu na mkuyu, kofia mkononi. Alikuja kama shemeji tu, alisema.

Aida aliimba vizuri, kwa ile sauti iliyojifunza kutojipamba. Aliimba changarawe kooni, dirisha lililofungwa, viazi walivyopewa wajane. Kisha akafika mahali pa kasoro, na hapo akakwama. Akagonga jembe, akagonga tena. Alimpenda mno. Wanawake nao walitazamana, kila mmoja akimngojea mwenzake, na kilio kikaanza kupoa kama chakula kilichosahaulika.

"Alikuwa mkaidi!"

Watu wakageuka. Enoka alikuwa ameuacha ule mkuyu na anakuja, kofia imeanguka, uso umejaa hasira.

"Mkaidi! Neno moja! Nilimwomba neno moja tu! Nilikuwa tayari kupiga kengele kwa mkono wangu huu! Ningemlaza karibu na kaka yangu! Mkaidi huyu, mkaidi, ameniacha na kengele yangu, sasa nitaifanyia nini?"

Sauti ikamkatika. Aida alikuwa amelisikia, na mkono wake ukaligonga jembe kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Wanawake wakalipokea neno lile kwa pamoja, likashuka bondeni mpaka mtoni: "Mkaidi wetu! Mkaidi wetu!" Na Enoka, mzee wa kanisa, mwalimu wa sauti nne, alikuwa amepiga magoti kwenye udongo mbichi akiwaitikia, nje kabisa ya mapigo.